Chama Kilichotafuta Mgeni

Jumatatu, 28 Aprili 1958

Idi imekwisha, sinia za watu zimesharudishwa kwa wenyewe, na mvua imeanza kana kwamba ilikuwa ikingoja tufungue saumu. Leo nimefanywa katibu bila ya kuulizwa. Nilikuwa mlangoni kwetu nakamua buibui, Bi Hadia akapita na mwavuli wake wenye mbavu mbili zilizovunjika, akasimama.

"Saadiya, wewe umesoma Mombasa. Kiingereza wakijua?"

"Nakijua kidogo, Bi Hadia."

"Kidogo hicho kitatosha. Kesho baada ya alasiri, ndoo kwangu, nitakungoja."

Akaenda zake. Sikupata hata nafasi ya kusema kwamba nina madaftari ya watoto ya kusahihisha. Mama alicheka sana. Anasema Bi Hadia hajapata kumuomba mtu kitu katika mtaa huu wa Langoni. Humwambia tu, na mtu huenda. Mimi sikucheka. Ukali wa namna ile siupendi.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda. Kumbe jambo lenyewe ni kubwa.

Chama cha Wanawake wa Langoni nilidhani ni chama cha kusaidiana kwenye harusi na matanga. Kweli kilianza hivyo, lakini kwa miaka hii Bi Hadia amekigeuza kiwe cha kusaidia wazazi. Mwanamke akishikwa na uchungu, mmoja wao huenda kukaa naye, mwingine humpikia uji, mwingine huangalia wanawe. Wanajitahidi, lakini hakuna aliyefunzwa. Mwaka jana dada yake Barka alifariki kule kisiwani Pate. Uchungu ulimshika mpaka siku ya pili, wakamchukua mpaka bandari ya Mtangawanda kungoja mashua ya kumleta hospitali hapa Amu, na palepale gatini akatoka roho, yeye na kitoto chake. Barka mwenyewe ni msaidizi hospitalini, hufua shuka na kuchemsha vyombo. Tangu siku ile anataka kujifunza ukunga wa kisomi, na hapa hakuna wa kumfunza.

Sasa liko Baraza la Mabadilishano ya Wauguzi, makao yake Singapore. Chama cha nchi moja kinampokea mkunga wa nchi nyingine akae mwaka mzima akifunza, nacho kinapeleka msichana wake akasome kule kule. Mgeni tunayemtaka anaitwa Bi Ramlah, mkunga wa Kelantan, nchi ya Malaya, Muislamu mwenzetu. Yeye amekubali. Lakini si kila chama kinaruhusiwa kuwa mwenyeji. Kuna masharti, na yote yako kwa Kiingereza. Ndiyo maana nikaitwa.

Alhamisi, 1 Mei

Leo nimewasomea masharti mbele ya kamati. Bi Hindu alikuja na ubani na kahawa, akakaa juu ya kiti cha enzi, kile cha kumkalisha mgeni wa heshima, kama mwenye shughuli. Yeye ni naibu wa mwenyekiti wetu, Bi Hadia, nyumba yao ina zidaka za plasta za kuwekea vyombo ukuta mzima, na nasaba yake anaweza kukuhesabia mpaka ukasinzia. Napenda mazungumzo yake. Hukuuliza habari za nyumbani kwanza, halafu ndiyo kazi.

Masharti yenyewe ni haya: chama kiwe kimeandikishwa serikalini, na kiwe kimefanya kazi si chini ya miaka mitano. Kisiwe cha biashara. Kiwe na nyumba ya mgeni iliyo mali ya chama, si ya mtu mmoja. Kiwe na msichana wa kubadilishana. Kiwe na mdhamini anayejua Kiingereza, atakayejibu kila jambo linalomhusu mgeni, na akiugua au akihama atoe habari mara moja. Na mwisho, mwenyekiti na mdhamini wawe wazaliwa wa nchi hii.

"Hilo la mwisho," akasema Bi Hadia. "Nisomee tena."

Nikamsomea tena.

"Vyema. Endelea."

"Yamekwisha, Bi Hadia."

"Basi tuanze kazi."

Bi Hindu akasema mgeni atakaa kwake, ghorofani, apate upepo wa bahari. Bi Hadia akamkata hapo hapo. "Umesikia mwalimu alivyosoma? Nyumba ya chama, si ya mtu." Bi Hindu akarudisha kikombe siniani. Niliona haya kwa ajili yake. Kulikuwa na njia nyingine ya kusema neno lile.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Skuli watoto wachache.

Jumatano, 7 Mei

Bi Hadia amelitoa waqfu kwa chama ghala la marehemu mumewe, lililo nyuma ya kisima, liwe nyumba ya mgeni. Kadhi ameshaandika. Ndiyo mali pekee aliyoachiwa mbali na chumba anacholala. Nilidhani atatangaza kwa majivuno, lakini alinipa tu karatasi akasema niiweke katika mafaili, kisha akaniuliza kama najua kupaka chokaa.

Jumanne, 13 Mei

Nimejua kupaka chokaa.

Jumatatu, 19 Mei

Hii wiki imenyesha usiku na mchana. Vichochoro vya Langoni vimekuwa mito. Punda wanasimama barazani mwa watu, hawafukuziki. Leo adhuhuri dari ya ghala imeanguka.

Tulikuwa chini, mimi, Barka na wanawake wengine, tunasugua sakafu. Tukasikia boriti inalia. Bi Hadia akapiga ukelele, "Tokani! Tokani nyote!" Tukatoka mbio, na yeye akabaki nyuma kumsukuma Barka aliyerudi kuchukua ndoo. Udongo wote wa dari ulioroa ukashuka. Vumbi la chokaa likatanda mpaka njiani. Barka alitoka mzima. Bi Hadia alitoka akiwa amekwaruzwa mkono kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, damu inamtiririka.

Watu wakajaa. Bi Hindu alifika bila viatu, buibui limemponyoka kichwani, akiita "Hadia! Hadia!" kama mtoto anayemwita dada yake. Alipomuona amesimama akaanza kumgombeza. "Mwaka huu hakuna mgeni! Mungu ametuonyesha! Ngoja kiangazi."

Bi Hadia akatazama lile tundu, mvua inamwagikia usoni.

"Hindu, wanawake watangoja kiangazi ndipo wavyae wana?"

Barka akainama akaokota bonge la udongo, akaenda kulitupa njiani, akarudi kuchukua jingine. Nikaingia na mimi. Mpaka inaadhiniwa alasiri tulikuwa mstari mmoja toka ghalani hadi kisimani, tunapokezana makarai, na nilipogeuka kumtazama aliyekuwa akinipokeza, alikuwa Bi Hindu, bangili zake za dhahabu zimejaa tope.

Nyumbani Mama alinikanda mgongo. Nilimwambia, "Yule Bi Hadia si mkali. Ana haraka." Mama akasema, "Leo ndiyo umemjua?"

Jumapili, 25 Mei

Mafundi wameleta boriti za mikoko kutoka Pate. Wameleta na salamu: wanawake wa Siyu, huko huko Pate, wanauliza mkunga atakuja lini.

Ijumaa, 30 Mei

Jua kidogo. Tumeanika kila kitu, hata mafaili.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimemsikiliza Bi Hadia akimsomesha Bi Hindu. Sikuelewa maana yake. Alikuwa akimuonyesha jinsi ya kufungua kikao, jinsi ya kumpa ruhusa mwenye kutaka kusema, jinsi ya kumnyamazisha mwenye kupayuka bila kumvunjia heshima. "Hili la mwisho mimi mwenyewe silijui," akasema, "wewe walijua zaidi." Bi Hindu akacheka, akafurahi kusifiwa. Mimi nilidhani anajiandaa kwenda safari, labda Hija. Nilimuuliza tukiwa wawili.

"Siendi popote," akanijibu. "Andika, Saadiya."

Jumatano, 11 Juni

Dari imekwisha. Kuta nyeupe, mlango umepakwa rangi ya kijani. Barka amepanda mrehani kwenye kopo, ameuweka dirishani.

Ijumaa, 13 Juni

Simu ya maandishi imefika: mkaguzi wa Baraza, Bwana Jeilani wa Mombasa, yuko njiani, anakuja kutazama kama chama chetu kinatimiza masharti. Bi Hadia akaita kamati baada ya sala ya Ijumaa. Na Bwana Famau, mzee wa mtaa, aliitwa.

Tulikaa ndani ya nyumba mpya, bado inanuka chokaa. Bi Hadia hakukaa. Alisimama karibu na mlango.

"Kila sharti tumelitimiza," akasema, "isipokuwa moya. Mwenyekiti awe mzaliwa wa nti hii. Mimi sikuvyawa hapa. Nimevyawa Barawa, ng'ambo ya mpaka. Mama yangu aliniteremsha gatini nikiwa mgongoni mwake, mwaka wa njaa, na baba yangu alikuwa ameshakufa kule. Mkubwa wenu hapa, Bwana Famau, ayua."

Wengi hawakujua. Barka alifunika mdomo. Huyu aliyetukanya kila siku tusichelewe, tusizembee, aliyetuambia "Langoni yetu", hakuzaliwa Langoni.

Bwana Famau akakohoa. "Nayua mimi, na wawili watatu walio kaburini. Mwanangu, wewe ulikuja hapa hata meno huna. Maziwa uliyonyonya ni ya marehemu mama yangu, maana mamako yalimkauka. Mtu akiniuliza Hadia amevyawa wapi, nitasema Langoni, na nitaapa."

"Na mimi nitaapa," akasema Bi Hindu. "Nani atakayetuuliza?"

Sauti zikapanda, kila mmoja anasema ataapa. Ilikuwa kama harusi. Ningekuwa mimi, ningelia na kukubali. Bi Hadia aliwaacha mpaka wakachoka.

"Nawashukuru," akasema. "Lakini tunamtaka mwanamke wa watu avuke bahari, aache mamake, aje kutuamini sisi. Na Barka tunampeleka akawaamini wao. Jambo hili lote limesimama juu ya neno la mtu. Nikilianza na kiapo cha uwongo, na kiapo chenyewe nimewaapisha nyinyi, nitamwambia nini Mungu? Bwana Famau, mkono huo ulionilea usiuinue kwa uwongo kwa ajili yangu."

Mzee akashusha macho. Akachukua bakora yake, akaiweka tena.

"Kwa nini hukusema siku ile niliposoma?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka vibaya, kama ya kulaumu.

"Ningesema siku ile, Saadiya, mngesema basi na tuache. Nilitaka nyumba isimame kwanza. Nyumba ikishasimama, watu huona tabu kuibomoa."

Akafunua mtandio wake, akatoa ufunguo wa ghala, akaenda kuuweka mapajani mwa Bi Hindu. Bi Hindu hakuugusa. Machozi yalimtoka waziwazi.

"Mimi naweza nini, Hadia? Mimi mtu wa kahawa na maneno."

"Mgeni anataka kahawa na maneno. Hayo ndiyo mimi sina."

Kura zikapigwa. Mwenyekiti, Bi Hindu. Mdhamini, mimi, mzaliwa wa Langoni, nisiyekuwa na sifa nyingine ya kuniweka mbele ya yule mwanamke.

Jumatatu, 16 Juni

Mkaguzi amekwama njiani, Garsen, kwa matope.

Jumanne, 17 Juni

Amefika. Suruali yake imeganda tope hadi magotini, lakini tai amefunga. Ni mtu mpole, hasemi ovyo. Bi Hindu alimpokea kwa namna ambayo, wallahi, hata gavana angeridhika. Alimuuliza habari za njia, za watoto, za mgongo wake, kisha akampa kahawa ya tangawizi, kisha ndiyo akamkaribisha atazame nyumba.

Alitazama kila kitu. Aligonga dari kwa mwavuli. Aliniuliza mimi: mgeni akiugua usiku, nani atamwita daktari? Akitaka kurudi kwao kabla ya wakati, mtafanya nini? Akigombana na wenyeji, atamshitakia nani? Nilijibu. Barka aliulizwa anataka kujifunza nini. Barka akasema, "Nataka kuyua kile ambacho mtu angekiyua, dada yangu angeishi." Bwana Jeilani akaandika hilo, nimemuona.

Kisha akafungua mafaili. "Nyinyi mmebadilisha mwenyekiti juzi tu," akasema. "Chama cha miaka saba, kinabadilisha mwenyekiti siku chache kabla sijafika. Niwie radhi, lakini lazima niulize. Baraza likiona hivi litadhani kuna ugomvi, au kuna kinachofichwa."

Bi Hindu akanitazama, nami nikatazama chini. Tulikuwa hatukupanga jibu. Nilikuwa karibu kusema kwamba Bi Hadia ni mgonjwa, mkono wake umeumia. Ungekuwa nusu ya ukweli.

Bi Hadia alikuwa ameketi jamvini nyuma, pamoja na wanachama wa kawaida. Akasimama.

"Hakuna ugomvi, Bwana. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Nimevyawa Barawa, na sharti lenu lakataa."

Bwana Jeilani aliweka kalamu. "Una karatasi yoyote ya kukaa hapa, Bi?"

"Sina. Nilikuja mgongoni."

"Ripoti yangu itapita kwa serikali," akasema taratibu. "Nikiandika hivi, wataona. Watakuita. Huenda wakakuandika mgeni, mwaka hata mwaka uombe ruhusa ya kukaa. Naweza kuandika tu kwamba mwenyekiti wa zamani amejiuzulu kwa hiari. Hilo nalo ni kweli."

Nje punda alilia. Nilimuomba Mungu moyoni Bi Hadia akubali, akubali tu.

"Ukiandika hivyo, Baraza litaacha kushuku?" akauliza Bi Hadia.

Bwana Jeilani alitikisa kichwa. "Hapana. Sitakudanganya. Watashuku."

"Basi andika yote."

Aliandika. Alipomaliza alisimama, na badala ya kumuaga mwenyekiti kwanza, alikwenda mpaka jamvini, akamuaga Bi Hadia kwa maneno tu, mkono wake kifuani. Bi Hindu hakuona vibaya. Yeye ndiye aliyempisha.

Jumatano, 18 Juni

Sikuweza kufundisha vizuri.

Ijumaa, 27 Juni

Idi ya Haji. Bi Hadia alipita nyumba kwa nyumba kama kila mwaka. Kwetu alikaa zaidi. Alimuuliza Mama kama ana sufi ya kutilia godoro.

Jumatano, 9 Julai

Tumekubaliwa! Barua nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili mbele ya Mama, mara ya tatu barazani mpaka wauza samaki wakasimama kusikiliza. Chama cha Wanawake wa Langoni kimeonekana kinafaa kuwa mwenyeji wa wageni watokao nchi za nje, na kuwadhamini. Bi Ramlah atafika kabla ya mwezi wa tisa. Barka ataondoka baada yake. Vigelegele vilitoka Langoni mpaka Mkomani.

Barka alikimbia mvuani kumtafuta Bi Hadia. Akamkuta kwa mzazi, anapika uji.

Jumatatu, 14 Julai

Alivyosema Bwana Jeilani ndivyo ilivyokuwa. Bi Hadia ameitwa ofisi ya serikali wiki ijayo, aende na mdhamini wake. Aliniambia habari hii kama anavyoniambia bei ya nazi. Lakini nilimuona anatafuta mwavuli wake, na mwavuli ulikuwa mkononi mwake.

Nimekwenda kwa Bi Hindu.

Jumatatu, 21 Julai

Mvua imekatika. Bi Hadia alitoka kwake asubuhi akidhani anakwenda peke yake, bila mdhamini. Alipofungua mlango alitukuta njiani. Kamati yote, na wanachama, na wasio wanachama. Waliozaa mikononi mwake wamebeba watoto wao. Wanawake wa Shela wametembea ufukweni tangu alfajiri. Kichochoro kilikuwa cheusi kwa mabuibui. Bwana Famau alikuwa mbele na bakora yake.

"Mwakwenda wapi nyote?" akauliza Bi Hadia.

"Twakupeleka," akasema Bi Hindu.

Karani wa ofisini alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu. Alitoka nje, akatuona, akarudi ndani, akatoka tena. Alisema wataingia wachache. Tukaingia Bi Hadia, Bi Hindu, Bwana Famau na mimi. Wengine wakajaa barazani na madirishani. Alimuuliza Bi Hadia jina lake, la baba, la mama, mahali alipozaliwa. Kila swali alilijibu wima.

"Mgeni lazima awe na mdhamini," karani akasema. "Awe mtu, au chama kinachojulikana na serikali."

Bi Hindu alifungua mkoba wake, akatoa ile barua ya kukubaliwa, akailaza mezani na kuinyoosha kwa viganja vyote viwili. "Chama hiki hapa. Kinafaa kuwa mwenyeji wa watu wa nchi za nje. Soma mwenyewe."

Karani akasoma. Akatutazama, mmoja mmoja.

"Chama hiki nani alikianzisha?"

"Yeye," nikasema.

Karani akavuta fomu karibu. Kisha akaanza kuandika, akaniita nitie sahihi mahali pa mdhamini. Jina langu likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza. Jina la mgeni wa kwanza wa chama chetu, Hadia.

"Amekuja kufanya kazi gani?" karani akauliza.

"Kutufunza," akasema Bi Hindu.

"Atakaa kwa muda gani?"

Bi Hindu hakufikiri hata kidogo. "Muda tutakaokaa sisi."

Karani alisema hapo panaandikwa mwaka mmoja mmoja. Bwana Famau akamwambia basi aandike mmoja, na sisi tutakuwa tukija, ni karibu tu. Huko barazani mtu alicheka, wakacheka wote. Nilimgeukia Bi Hadia. Yule mwanamke ambaye dari ilimwangukia asilie, alikuwa amejifunika uso kwa ukingo wa buibui, mabega yanamcheza, na Bi Hindu amemshika mkono ule wenye kovu.

Tulishuka ngazi pamoja. Jua lilikuwa limetoka, mawe yanatoa mvuke. Mpaka tunafika chini alikuwa ameshajipangusa uso, na sauti yake imerudi.

"Haya," akasema, "Bi Ramlah yuko baharini na godoro halijashonwa. Saadiya, sindano wajua kuishika?"

Nikasema kidogo.

"Kidogo hicho kitatosha," Bi Hindu akamjibia, na sote tukamfuata Bi Hadia.